Siku Niliyowafuta Akina Mama Junior

Niliwahi kuwafuta akina mama kumi na wanne kwa mpigo, na mmoja wao alikuwa mama yangu mzazi. Sikutumia kifutio. Nilitumia kompyuta, kwa vidole viwili, nikiwa nimekalia magunia matupu yaliyokunjwa ili nifikie meza, na nilipomaliza nilijipongeza kwa usafi wa kazi yangu. Ninalitaja hili mapema kwa sababu watu wa umri wangu wakisimulia utoto wao huanza na siku walizoshinda. Mimi siku hizo ninazo chache, nimeziweka akiba zije kusomwa kwenye mazishi yangu.

Kilichonikumbusha ni harufu. Wiki iliyopita nilifungua gunia la unga pembeni ya kompyuta yangu, maana kwangu jiko na ofisi ni chumba kimoja, na mwenye ofisi hapendi kwenda mbali. Vumbi jeupe likavutwa na feni ya mashine, na punde ikatoka harufu ambayo sikuwa nimeinusa tangu utotoni: unga wa mahindi na plastiki iliyopata moto, kama mtu anayekaanga redio. Nikaacha kazi ya mteja katikati ya mstari. Nilikuwa tena na miaka kumi, dirisha la depo liko mbele yangu, na sauti ya mwanamke inaniuliza kama leo hatimaye nimetoka nyumbani.

Ulikuwa wakati ule kila kitu kilipokuwa kinafungwa. Bomba kubwa la kiwanda lilikuwa halitoi tena moshi. Mama, aliyeulaani moshi huo miaka yote kwa kuchafua nguo alizoanika, sasa alitazama juu na kulalamika kwamba mbingu imekuwa safi kupita kiasi. Baba alikuwa amerudi kutoka kazini na kofia yake ngumu ndani ya mfuko wa plastiki, akaitundika ukutani, na tangu hapo akawa anatengeneza vitu ambavyo havikuwa vimeharibika. Kambove nako walifunga mgodi. Baba mdogo akaja kutoka huko na mkewe na watoto wanne, kwa wiki mbili, alisema, na wiki hizo mbili zikaendelea mpaka nikaingia sekondari. Baada yao akaja bibi, kisha binamu watatu wa mama. Tukawa watu kumi na wanne katika vyumba vitatu.

Ninaieleza hesabu hiyo ya watu kwa sababu ndiyo iliyonipa elimu yangu ya kwanza kuhusu nafasi. Kwetu hakuna aliyekuja akaambiwa pamejaa. Akiingia mtu, wengine wanasogea. Mimi nililala kwanza upande wa ukuta, kisha katikati, kisha upande wa miguuni nikiwa nimewekewa mguu wa binamu shavuni. Lakini nilikuwepo. Kila mtu alikuwepo. Nikaamini kwamba hiyo ni tabia ya kila kitu chenye kuta: ukiingiza kimoja, vilivyomo vinabanana.

Na nilikuwa mtu wa ndani. Kaka yangu mkubwa, Junior, alinipa jina la Kabati, kwa kuwa nasimama nyumbani siku zote na ukinifungua hukosi kukuta kitu cha kula. Barabara yetu niliijua kwa kuichungulia. Watoto wenzangu walikuwa wanajua kila parsela, yaani kila kiwanja, na kila mbwa wake. Mimi nilijua sakafu. Mahali pekee nilipokwenda nje ya kwetu palikuwa depo ya Mama Kavira, ghala la jirani yetu, kwa sababu ukuta baina yetu ulikuwa na tundu, na mtu aliweza kufika huko bila kukanyaga barabara hata kwa unyayo mmoja. Kwa hesabu zangu, hiyo haikuwa kutoka.

Mama Kavira alikuwa mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo. Alikuwa na lori moja la kijani, makufuli mengi, na maneno machache yasiyopakwa mafuta. Katika mtaa mzima yeye peke yake ndiye mwanamke tuliyemwita kwa jina lake la kuzaliwa, maana watoto wake walibaki kwao Kivu na hakuna aliyewajua. Wengine wote walikuwa Mama Fulani, kwa jina la mtoto wa kwanza. Jina la mama mwenyewe halikutamkwa na mtoto. Binamu yangu alijaribu siku moja, kwa mzaha, na kofi alilopata lilisikika mpaka kwenye chumba cha bibi, ambaye hakuwa akisikia vizuri.

Ndani ya depo hiyo, chumba cha mbele, alikuwepo Tantine Odile. Si shangazi yangu. Alikuwa rafiki wa mama tangu shuleni, lakini kwetu rafiki wa mama ni tantine, hakuna mjadala. Alikuwa karani wa kampuni moja ya kigeni yenye ofisi ndani ya villa huko Golf, mtaa wa matajiri. Mambo yalipoharibika, wakubwa walipanda ndege kati ya Ijumaa na Jumatatu, wakamwachia kompyuta nne badala ya kwaheri. Yeye alikuwa ameshaanza kujifunza kutengeneza kurasa za tovuti kwa ajili yao. Aliendelea peke yake, kwa kitabu cha Kifaransa kilichopigwa fotokopi, ambacho kurasa zake thelathini za mwanzo zilikuwa zimepotea. Ndiyo maana mpaka leo sijui JavaScript inaanzaje. Mimi na Tantine tulianzia ukurasa wa thelathini na moja, tukaenda hivyo hivyo.

Intaneti haikuwepo pale. Ilikuwa mjini, kwenye duka la watu wenye haraka. Tantine alisema haidhuru, ukurasa unaweza kufunguka ndani ya mashine yenyewe, na ukijua kuutengeneza gizani utajua pia mchana. Umeme ulipokuja, nilipita tundu la ukuta. Siku aliyonionyesha neno alert, nikaandika ndani yake Bonjour, na kisanduku kikaruka katikati ya kioo kikinisalimia, nilisimama nikajibu. Kweli nilijibu, kwa sauti, na mikono nyuma kama mbele ya mwalimu mkuu. Tantine alicheka mpaka miwani yake ikadondoka.

Lakini chumba kile kilikuwa cha kuazima. Asubuhi moja Mama Kavira alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akizitazama zile kompyuta kama watu wanaotazama mbuzi wasionenepa.

"Odile," akasema, "bidhaa yangu inalala inje, na mashini yako inalala mu nyumba. Inanisaidia nini, ile televizio yako?"

"Si televizio, Mama Kavira. Ni ordinateur."

"Inapika?"

"Hapana."

"Inabeba muzigo?"

"Inabeba liste," Tantine akasema. "Nipe liste moja tu. Ya unga. Kama haikukusaidia, tunatoka."

Mpaka wa Zambia ulikuwa umefungwa kwa wiki kadhaa, na unga ulikuwa umekuwa kitu cha kunong'onezwa. Mama Kavira alikuwa amepata kibali cha kupitisha lori moja, na hakuna aliyejua la pili lingekuja lini. Akina mama wa mtaa wangejiandikisha, dereva angechukua magunia kulingana na orodha, basi. Mama Kavira alikubali kwa maneno yake machache. Liste ikienda vizuri, Tantine anabaki na chumba na atafanya orodha za depo zake zote, hadi ya Kipushi. Ikiharibika, mashine zinatoka siku hiyo hiyo, na Tantine anajua njia ya kwa kaka yake huko Kipushi, ambako kulikuwa na kitanda lakini hakuna umeme.

Nilielewa vizuri sana maana yake. Tantine akienda Kipushi, tundu la ukuta linabaki tundu tu.

Tukajenga ukurasa. Yaani, Tantine aliujenga, mimi nilishika kitabu. Alinieleza namna mashine inavyotunza mambo.

"Kasha," akasema. "Kila kasha iko na jina. Unaweka kintu mule. Ukiita jina, kasha inakupa kile kintu."

"Na nikileta kingine ku kasha ile ile?"

Alikuwa anapambana na feni iliyokuwa inakwaruza. "Kinaingia tu," akanijibu bila kugeuka.

Kinaingia tu. Sikuuliza cha kwanza kinakwenda wapi. Kwa nini niulize? Kwetu nani alikwenda wapi? Kinaingia, kingine kinasogea, mmoja anapata mguu shavuni, maisha yanaendelea.

Siku mbili baadaye Tantine alishikwa na malaria. Akaniita kitandani kwake, amevaa sweta mbili, meno yakigongana, akaniachia ufunguo. Kazi yangu ilikuwa rahisi: mama akija dirishani, niongeze mstari mmoja. Jina katikati ya alama za kufunga na kufungua, kisha idadi ya magunia, moja au mawili. Mstari unaisha kwa alama ndogo ya nukta na mkia, ambayo ukiisahau ukurasa unanuna.

"Andika nom complet," akaniambia. "Unasikia? Jina yote."

"Ndiyo, Tantine."

Nilisikia. Sasa nielezeni, ninyi mliolelewa kama mimi: mtoto wa miaka kumi anamuulizaje mwanamke mwenye watoto sita, aliyesimama dirishani na mtoto mgongoni, "Jina lako nani?" Ningekufa kwanza. Na zaidi ya hofu, nilikuwa na hakika. Kwangu Mama Junior lilikuwa jina kamili. Lilipungukiwa nini? Lina mama ndani, lina mtoto ndani.

Wa kwanza kabisa nilimwandika mama yangu, kwa heshima, kabla hata dirisha halijafunguliwa: liste["Mama Junior"] = 2; na nikauangalia mstari huo kama watu wanaoangalia picha ya harusi. Kisha wakaanza kuja. Mama Nathalie. Mama Papy. Mama Mapasa, ambalo ndilo jina la kila aliyejaliwa mapacha, na mtaa wetu ulikuwa umejaliwa sana. Akaja mama mmoja mrefu aliyelazimika kuinama ili uso wake uingie dirishani.

"Eh, Kabati! Leo umetoka ku nyumba?"

"Niko ndani, Mama."

"Ndani ya nyumba ya bengine, ile njo kutoka! Andika miye. Mama Junior, gunia moja."

Nilijua kwamba mama yangu pia ni Mama Junior. Mimi si mjinga wa kiwango hicho. Nilijua hata kwamba mtaani watu huwatofautisha, Mama Junior mrefu, Mama Junior wa kwenye kona, lakini hayo ni maneno ya watu wanaozurura, na sikuyajua vizuri kiasi cha kuyaandika. Basi nikaandika Mama Junior, moja, na moyoni nikamwambia mama yangu asogee kidogo. Baadaye wakaja wengine wawili. Mama akasogea tena.

Siku tatu, mistari hamsini na miwili. Nilipofungua ukurasa, majina yalijipanga kushuka chini, safi, na lile la Mama Junior likiwa juu kabisa pale nilipomweka mama, ila mbele yake palikuwa na namba moja. Nikafikiri wengine wako chini yake. Kama sisi chini ya blanketi: anayepita mlangoni huona kichwa kimoja, lakini mwenye nyumba anajua kuna miguu mingapi. Nikabonyeza kitufe cha kujumlisha magunia. Hamsini. Namba nzuri, ya mviringo, isiyo na ncha za kumchoma mtu. Nikainakili kwenye karatasi kwa mwandiko wangu bora, nikapiga mstari chini kwa rula, kalamu nyekundu, kama tulivyofundishwa shuleni, na Mama Kavira akampa dereva.

Lori lilifika Jumamosi asubuhi. Akina mama walikuwa wameshajaa mbele ya depo na mabeseni na mikokoteni. Tantine alikuwa ametoka kitandani siku hiyo, bado na sweta, amekaa kwenye kiti karibu na mlango. Mimi nilisimama upande wa ndani, kama kawaida yangu, na nilikuwa nimevaa gauni la kanisani. Nilitarajia kushukuriwa.

Mama Kavira akaichukua karatasi kwa dereva.

"Mama Junior! Gunia moja!"

Sauti nne zikaitika, na wanawake wanne wakapiga hatua mbele, mama yangu akiwa mmoja wao. Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, nikisubiri aite wengine watatu.

"Mama Nathalie! Magunia mbili!"

Wakatoka watano. Kicheko kikawa kidogo zaidi.

"Mama Mapasa!"

Safari hii hakuna aliyecheka. Mama Junior mrefu akanyoosha mkono wake wa ajabu, akaichukua karatasi juu ya kichwa cha Mama Kavira, akaisoma mpaka chini.

"Iko Mama Junior moja," akatangaza. "Njo miye? Njo weye? Nani amekula bengine?"

"Mimi niliandikisha mbili," mama yangu akasema, kwa utulivu wake ambao nyumbani tuliuogopa kuliko kelele. "Mbili. Niko na bantu kumi na ine ku nyumba."

"Na miye, mutoto wangu alikuya hapa na mvua!"

"Ile mashini inaiba!"

"Mashini haina tumbo, bamama. Muntu njo iko na tumbo. Muulize Odile!"

Mama Kavira aliwahesabu kwa kidole, kisha akageuka kwenye lori akayaangalia magunia hamsini, kisha akamgeukia Tantine Odile. Nilimwona Tantine anashika mikono ya kiti ili asimame. Alikuwa amekonda kwa siku nne, na sweta lilimning'inia kama limevalishwa mlango.

"Odile," Mama Kavira akasema, "leo nataka chumba yangu."

"Unipe dakika kumi niangalie kosa."

"Kosa iko mbele yangu, imesimama na mabeseni."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Mguu wangu mmoja ulikuwa tayari umeelekea kwenye tundu la ukuta. Nyumbani palikuwa hatua kumi na mbili, nimewahi kuzihesabu. Na ninajua kwamba kama ningepita, hakuna ambaye angenifuata, kwa sababu hakuna aliyezoea kuniona nje na hakuna ambaye angegundua sipo. Lakini Tantine alikuwa anawaambia wanawake wale, "Kosa ni yangu, bamama, ni miye niliandika," na kuona mtu mwenye homa anadanganya kwa ajili yangu kukaniuma kuliko kofi lolote.

"Ni miye," nikasema. Sauti ikatoka kama ya panya. "Ni miye niliandika. Beko mule bote. Beko chini."

"Chini ya nini?" mama akauliza.

"Chini ya Mama Junior."

Sijui kama kuna jibu jingine ambalo lingewakasirisha zaidi. Tantine peke yake ndiye aliyelielewa. Akanishika bega, tukaingia, na nusu ya wanawake wakaingia nyuma yetu, wengine wakajaza dirisha. Akafungua faili yenyewe, si ukurasa: ile mistari niliyoandika. Ikashuka kwenye kioo. Mistari hamsini na miwili, hakuna hata mmoja uliokosekana.

"Tazameni," akasema. "Mutoto aliandika bote. Mashini inasoma kutoka juu kwenda chini. Inakuta Mama Junior, inamuweka mu kasha. Inakuta Mama Junior mwengine, inatupa wa kwanza, inaweka wa pili. Kasha moja, muntu moja."

"Inatupa?" nikauliza.

"Inatupa."

Nakumbuka nilikasirika. Si kwa aibu. Aibu ilikuja baadaye na ikakaa muda wake. Nilikasirikia mashine. Wakati ule nje kila mtu alikuwa anatolewa mahali, kiwandani, Kambove, kwenye nyumba za kampuni, na sisi tulikuwa tunabanana ili asitupwe mtu. Na kitu hiki chenye akili nyingi kilikuwa kinamtoa wa kwanza kila alipobisha hodi wa pili, bila hata kumuuliza kama ana pa kwenda. Tangu siku hiyo sijawahi kuiamini kompyuta inaponionyesha orodha safi. Kazi zangu zote nzuri zimetoka kwenye ile hasira.

Tantine aliwapanga wanawake mbele ya meza. "Sasa tunaandika upya. Kila mama atasema jina yake. Ile ya ubatizo na ile ya baba yake." Akaniweka mimi kwenye kibodi. Alikuwa anatetemeka mno asiweze kuandika, au alisema hivyo.

Basi nikauliza. Mbele ya mtaa wote, kwa gauni la kanisani, "Jina lako nani, Mama?" Na hakuna aliyenipiga. Mama Junior mrefu alikuwa Ngoie Georgette, na alilitamka taratibu, kama anatoa kitu sandukuni na hana hakika kama bado kinamtosha. Mama Mapasa wa kwenye bomba la maji alikuwa Mujinga Philomène. Mwingine alilisahau la baba yake, akacheka, akalikumbuka. Wakaanza kuitana kwa majina hayo kwa kutaniana, "Kumbe weye Philomène! Na sura ile!" na hasira ikapata mahali pa kutokea. Ilipofika zamu ya mama yangu, nilikuwa siangalii kioo tena.

"Kabwe Marie-Jeanne," akasema. "Usiandike na kosa."

Miaka kumi nilikuwa nimekula kwa mikono yake, na hilo sikuwa nalijua.

Namba ikatoka sabini na moja. Lori lilikuwa na hamsini. Mama Kavira hakupiga kelele. Akaita meka, lile kopo la kupimia unga, akaamuru kila gunia litolewe meka moja. Kwa zile zilizotolewa wakajaza magunia mawili zaidi, kila mama akapata moja, na meka zilizobaki zikaenda kwenye nyumba zenye watu wengi. Waliokuwa wameomba mawili walinung'unika, mama yangu akiwa wa mbele, lakini hakuna aliyerudi na beseni tupu. Tulikula bukari, ndio ugali wetu, laini zaidi kwa wiki kadhaa, na kila aliyenyoosha mkono kwenye sahani alinitazama kidogo kwanza.

Lakini siku ile, wakati wanapima, Tantine alikuwa bado anataka chumba chake. Akafungua kitabu, akapata ukurasa, akanipa bila kuniambia nifanye nini. Ulikuwa ukurasa wa neno linalouliza kabla ya kutenda: kama hivi, fanya hivi, vinginevyo, vile. Nilikuwa nimeusoma mara nyingi bila kuuona. Niliandika mistari mitatu, ya kwanza katika maisha yangu ambayo haikutoka kwa mtu. Mtu akiingia, itazame kasha. Kama kasha ina mwenyewe, usimtoe, piga kelele. Nikatumia ile alert iliyonisalimia siku ya kwanza.

Mama Kavira aliingia akijipangusa unga mikononi. Alikuwa ameshamwita mfanyakazi wa depo na kamba za kufungia kompyuta. Ziliachwa mlangoni, nikiziona.

"Inatengenezwa?"

"Mujaribu," Tantine akasema.

"Niandike."

Nikaandika Kavira, pamoja na jina la baba yake, aliloniambia bila kuombwa. Likakaa.

"Niandike tena. Vile vile."

Nikaandika tena. Nikabonyeza, na nilifumba macho. Nilisikia tu ule mlio, na nilipofumbua, katikati ya kioo kulikuwa na kisanduku: Huyu mama yumo tayari! Nyuma yake, kwenye orodha, Kavira wa kwanza alikuwa bado yupo, na magunia yake.

Mama Kavira alirudi nyuma hatua moja kama mtu aliyejibiwa na ukuta. Akasogea, akabonyeza mwenyewe kwa kidole chenye unga, mara nne, na mara zote nne mashine ikamkatalia. Alama ya kidole chake ilibaki kwenye kitufe kile kwa miezi. Kisha akatoka mlangoni, akamwambia mfanyakazi apeleke zile kamba kwenye lori, akarudi kutuangalia, Tantine ameegemea meza, mimi na gauni langu limekuwa jeupe hadi mabegani.

"Chumba mutabakia nacho," akasema. "Lakini uyu mutoto atoke inje kidogo, ajue bantu kabla ya kubaandika."